JE, PICHA YAWEZA KUWA SHAHIDI?



Katika Sura Yusufu ya Qurani Tukufu, kanzu ya Nabii Yusufu (a.s.) imetajwa katika visa vitatu. Katika kisa cha kwanza ndugu zake waliipaka damu ya uongo, wakampelekea baba yao ili aamini kwamba mwanawe ameliwa na mbwa mwitu. Katika kisa cha pili kanzu iliyochanika kwa nyuma ilimwondolea Yusufu tuhuma mbaya aliyosingiziwa katika nyumba ya bwana wake. Katika kisa cha tatu kanzu ilipelekwa kwa baba mwenye huzuni, ikawa bishara kwake. Basi nguo isiyo na ulimi ilitumiwa mara moja kuificha kweli, na mara nyingine kuidhihirisha.

Visa viwili vya kwanza ndivyo msingi wa somo letu, maana katika zama zetu karibu kila mtu hutembea na kanzu ya namna hiyo mfukoni mwake. Nayo ni picha iliyomo katika simu. Likitokea jambo la kuharibu jina la mtu, au la kuvunja ndoa, au la kumtia mtu gerezani, na ikaletwa picha, je, yatupasa kuikubali, au kuikataa, au liko jambo la tatu litupasalo?

Jambo lililotokea Mtama

Mimi hufundisha katika chuo cha dini ng'ambo, lakini kila nipatapo ruhusa hurudi kwetu Mtama, mkoani Lindi, katika barabara iendayo Masasi. Mwaka mmoja nilifika katika msimu wa korosho. Jioni moja, baada ya sala ya Magharibi, alinijia kijana mmoja mkulima ambaye nimemjua tangu akiwa mtoto. Nilimkaribisha aketi, hakuketi. Alininyoshea simu yake, akasema, "Maalim, tazama mwenyewe. Mimi sina neno."

Nikatazama. Ilikuwa picha ya mke wake, ameketi barazani kwenye nyumba ya wageni, ubavuni mwa mwanamume asiyekuwa mumewe, wameelekeana kama watu wenye siri. Ukutani nyuma yao jina la nyumba hiyo lilisomeka wazi. Ni nyumba iliyoko mjini Lindi. Majuma mawili nyuma mke huyo alikuwa amekwenda Lindi kumwuguza shangazi yake. Picha ilikuwa imemfikia mumewe kwa njia ya kundi la simu ambamo jamaa wengi wa Mtama wamo, na maneno yaliyoandikwa chini yake sitayarudia hapa. Mke alikwisha kurudishwa kwa wazazi wake Nyangao, na watoto wao wawili walibaki kwa bibi yao. Alichotaka kijana kwangu ni jambo moja tu: nimsaidie kuandika talaka.

Sitalificha kosa langu, kwani nikilificha somo hili litapungua faida. Nilimwambia angoje hadi kesho, nami nikajisifu moyoni kwa subira hiyo. Lakini kwa hakika nilikuwa nimekwisha kumhukumu yule mwanamke. Usiku ule sikujiuliza kama jambo lile ni kweli. Nilifikiri tu namna ya kuwapatanisha watu baada ya dhambi. Macho yangu yalikuwa yameona, na mimi niliye mwalimu wa aya zikatazazo hukumu ya haraka sikuikumbuka hata moja.

Aliyetuokoa ni mama yake kijana, yaani mama mkwe wa yule aliyetuhumiwa. Alikuja asubuhi pamoja na mwanawe, akaomba aonyeshwe hiyo picha ambayo watu wote walikuwa wameiona isipokuwa yeye. Aliishika simu mbali na macho, kama wafanyavyo wazee, akatazama kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Mwanangu, kanga hii si ile niliyompa mimi siku ya Idi?"

Kijana akajibu, "Ndiyo, mama."

"Basi mbona maneno yake yamekwenda kinyumenyume?"

Tukainama sote kutazama. Kweli, maneno ya kanga yalikuwa yamegeuka kama maandishi yaonekanavyo katika kioo. Lakini jina la nyumba ya wageni ukutani lilikuwa sawasawa. Zipo simu ambazo kamera yake ya mbele huigeuza picha kama kioo, ila hapo hugeuka vyote pamoja. Haiwezekani picha moja, iliyopigwa mara moja, iwe na maandishi ya ukutani yaliyo sawa na maandishi ya kanga yaliyogeuka. Aliyeitunga alikuwa amechukua picha ya mwanamke huyo kutoka mahali pengine, akaigeuza ili uso wake uelekee upande wa yule mwanamume, akaibandika hapo. Akasahau kwamba wanawake wetu huvaa nguo zenye maneno.

Siku chache baadaye picha ya asili ilipatikana kwa jamaa zake. Ilipigwa harusini, mwaka uliotangulia, naye ameketi kati ya wanawake wenziwe.

Kanzu mbili, mafunzo mawili

Sasa, ndugu msomaji, turudi katika Sura Yusufu tukajifunze kile ambacho mimi nilikisahau na yule mama akakitenda.

Ndugu zake Yusufu walipoleta kanzu yenye damu, Nabii Yakubu (a.s.) hakuanza kubishana juu ya damu. Aliwageukia waliomletea, akawaambia kwamba nafsi zao ndizo zilizowapambia jambo hilo. Wafasiri wengi wameeleza kwamba kanzu yenyewe ilikuwa nzima, haikuchanika. Na mbwa mwitu gani amlaye mtu bila kuichana nguo yake? Hapa pana mafunzo mawili. La kwanza, kitu hakisemi. Asemaye ni yule akiletaye. Damu ilikuwa damu kweli, na kanzu ilikuwa ya Yusufu kweli. Uongo ulikuwa katika maneno yaliyofuatana navyo. La pili, kitu cha uongo mara nyingi hugombana na nafsi yake: damu yasema hivi, na kitambaa kisichochanika chasema vingine.

Katika kisa cha pili, Yusufu na mke wa bwana wake kila mmoja alikuwa na neno lake. Ndipo shahidi mmoja katika jamaa za yule mwanamke akasema kwamba kama kanzu imechanika kwa mbele, mwanamke ndiye mkweli. Na kama imechanika kwa nyuma, Yusufu ndiye mkweli. Angalia utaratibu wake. Alitaja kipimo kwanza, kisha kanzu ikatazamwa. Hakuitazama kwanza ndipo atafute sababu za kumkubali ampendaye. Aidha, alikuwa mtu wa upande wa mwanamke, na Yusufu alikuwa mgeni na mtumwa, lakini kipimo kiliwekwa sawa kwa wote wawili. Huo ndio uadilifu katika ushahidi wa vitu, na picha ni kitu.

Uongo wa picha ni wa namna nne

Watu wengi hudhani kwamba picha ya uongo ni ile tu iliyochezewa kwa mashine. La hasha. Ukichunguza utaona uongo wa picha ni wa namna nne.

Namna ya kwanza: picha ni ya kweli, na maneno ndiyo ya uongo. Hii ndiyo rahisi kuliko zote, maana haihitaji ufundi wowote. Nilipokuwa kijana nilionyeshwa mjini Lindi nakala ya picha ya kutisha, ya kiumbe chenye mwili kama wa mnyama na sura kama ya mtu. Ilisemwa kwamba ni msichana wa Oman aliyeitupa Qurani Tukufu, na Mwenyezi Mungu akamgeuza papo hapo. Nakiri kwamba nilitetemeka. Kisa hicho kilienea katika nchi nyingi kwa matoleo mbalimbali. Lakini kiumbe kile ni sanamu iliyotengenezwa na Patricia Piccinini, msanii wa Australia, na ilionyeshwa katika maonyesho ya Venice, Italia, mwaka 2003. Hakuna aliyeichezea picha. Mtu aliipiga sanamu picha, na mtu mwingine akaitungia kisa. Walioisambaza walidhani wanaitukuza Qurani, kumbe wanaitia aibu, kwani Kitabu cha kweli hakihitaji kutetewa kwa uongo.

Mfano mwingine ni wa Nairobi. Tarehe 11 Juni 1988, katika mkutano wa maombi wa mhubiri Mary Akatsa huko Kawangware, alitokea mtu mwenye joho jeupe na ndevu, na wengi katika umati wakaamini kwamba ni Yesu Kristo. Gazeti la Kenya Times lilichapisha habari hiyo pamoja na picha. Huko London Benjamin Creme, aliyekuwa akitangaza kwa miaka mingi kuja kwa mwalimu aitwaye Maitreya, alisema mtu huyo ndiye Maitreya wake. Picha moja ikapewa majina mawili! Nayo yenyewe haikuweza kumsadiki huyu wala kumkanusha yule, maana picha huonyesha sura na nguo, haionyeshi jina wala cheo mbele ya Mungu. Sisi Waahmadiyya tunaamini kwamba Nabii Isa (a.s.) alikwisha kufariki dunia kama manabii wengine, lakini hata asiyekubaliana nasi katika hilo atakubali kwamba joho jeupe si dalili ya utume. Mjumbe wa Mungu hujulikana kwa mafundisho yake na maisha yake na ishara zake.

Namna ya pili: kamera imesema kweli, lakini tukio lenyewe lilikuwa mchezo. Mwaka 1917 wasichana wawili wa kijiji cha Cottingley, Uingereza, walipiga picha za viumbe vidogo vyenye mabawa vikicheza kandokando yao. Arthur Conan Doyle, mwandishi mashuhuri wa hadithi za upelelezi, aliziamini, akaziandikia makala katika mwaka 1920. Ilipofika mwaka 1983 wasichana hao, ambao sasa walikuwa wazee, walikiri kwamba vile viumbe vilikuwa karatasi zilizochorwa, zikakatwa, zikasimamishwa kwa pini. Mtu aliyetunga mpelelezi mwenye akili kuliko wote alidanganywa na watoto wenye mkasi. Kwa nini? Kwa sababu alikuwa akitamani sana jambo hilo liwe kweli. Basi tujihadhari zaidi na picha ile ituonyeshayo tunachokipenda, au imwonyeshayo mtu tusiyempenda katika hali tunayomtakia.

Namna ya tatu: picha imeguswa baada ya kupigwa. Jambo hili si geni, wala halikuanza na kompyuta. Tangu zamani mafundi waliweza kukata, kubandika na kupaka rangi katika chumba cha giza cha kusafishia picha. Katika Urusi ya Stalin, Nikolai Yezhov, mkuu wa polisi wa siri, alipigwa picha akitembea pamoja na Stalin kando ya mfereji wa Moscow. Yezhov aliuawa mwaka 1940, na katika picha iliyotolewa baadaye mahali pake pana maji matupu. Kazi iliyohitaji fundi na siku nyingi wakati ule, leo kijana huifanya kwa kidole chake akiwa kijiweni. Picha ya Mtama ilikuwa ya namna hii.

Hata hivyo, tusiseme kwamba kila kilichounganishwa ni hila. Sisi watu wa Lindi tunakijua kilima cha Tendaguru, ambako kati ya mwaka 1909 na 1913 msafara wa Wajerumani ulichimba mifupa ya wanyama wakubwa wa kale, na wachukuzi wetu wakaibeba hadi bandarini Lindi. Mmoja wa wanyama hao alisimamishwa katika jumba la makumbusho la Berlin mwaka 1937, naye ana urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Mnyama huyo ameungwa kwa mifupa ya wanyama zaidi ya mmoja wa aina ile, na palipopungua pakatiwa plasta. Je, huo ni uongo? Hapana, kwa sababu wataalamu wenyewe wameeleza waziwazi walichokifanya. Kinachofanya jambo liwe udanganyifu ni kuficha.

Namna ya nne: picha isiyo na kitu chochote nyuma yake. Siku hizi mitambo iitwayo akili mnemba hutunga picha ya mtu na mahali na tukio ambalo halikuwapo kabisa, kwa kuambiwa maneno machache tu. Mwezi Machi 2023 watu wengi ulimwenguni waliamini picha ya Papa Francis akiwa amevaa koti jeupe la kisasa lililotuna, na kumbe koti halikuwapo wala picha haikupigwa. Zamani kidogo tulifundishwa kuitambua kazi ya mitambo hiyo kwa kuhesabu vidole, kwani ilikosea mikono. Kasoro hizo zinazidi kupungua, na vilevile mitambo hutunga sauti na picha za kutembea. Kwa hiyo mtu asitegemee jicho lake peke yake. Kanga ilitusaidia Mtama, lakini mtungaji mwenye uangalifu zaidi angeyanyoosha yale maneno. Je, hapo tungalimvunjia mwanamke ndoa yake?

Kosa la kuikataa kila picha

Baada ya kusikia haya huenda msomaji akasema, "Basi tusiamini picha yoyote." Hilo nalo ni kosa, na pengine ni kosa kubwa zaidi, maana ndilo kimbilio la madhalimu.

Katika nchi ya Kongo iliyokuwa mali ya Leopold, mfalme wa Ubelgiji, watu walilazimishwa kuleta mpira, na walioshindwa waliuawa au kukatwa viungo. Mwezi Mei 1904 mtu mmoja aitwaye Nsala alifika katika misheni ya Baringa akiwa na mkono na mguu wa binti yake mdogo, Boali, aliyeuawa na askari wa kampuni ya mpira. Mmisionari Alice Seeley Harris alimketisha barazani akampiga picha, baba akivitazama viungo vya mwanawe. Picha hiyo na nyingine zilionyeshwa kwa umati wa watu huko Uingereza. Watetezi wa mfalme walikanusha. Juu ya kijana mmoja aliyepoteza mkono walidai kwamba aling'atwa na nguruwe mwitu.

Sasa tafakari. Picha ya Nsala ilipangwa, kwani aliombwa aketi ndipo apigwe. Lakini ilikuwa ya kweli. Ilikuwa na jina la baba, jina la mtoto, jina la mahali, na mpigaji aliyejulikana na aliyekuwa tayari kuulizwa. Pamoja nayo ulikuwapo ushahidi wa watu wengine, na taarifa ya Roger Casement, balozi mdogo wa Uingereza, iliyochapishwa mwaka 1904. Kisha tume iliyoundwa na mfalme mwenyewe ikawasikiliza mashahidi, na taarifa yake ya mwaka 1905 ikathibitisha mengi katika dhuluma zile. Mwaka 1908 Kongo iliondolewa mikononi mwa Leopold ikawekwa chini ya serikali ya Ubelgiji. Picha peke yake isingaliweza hayo. Picha pamoja na mashahidi iliweza.

Leo dhalimu hana haja ya nguruwe mwitu. Akionyeshwa picha ya kweli ya uovu wake hujibu tu kwamba imetungwa na kompyuta. Tukiwa watu wa kuamini kila picha, tutamdhulumu asiye na hatia. Tukiwa watu wa kukataa kila picha, tutamdhulumu aliyeonewa. Njia iliyonyoka iko katikati, nayo ni ile ya Sura Al-Hujurat, aya ya 7, ambamo Mwenyezi Mungu anawaamrisha waaminio kwamba akiwajia mtu mwovu na habari, waichunguze kwanza, wasije wakawadhuru watu kwa ujinga kisha wakajuta. Hakuamrisha kuisadiki, wala hakuamrisha kuitupa. Ameamrisha kuichunguza.

Sheria ya nchi nayo yakubaliana na hekima hii. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya mwaka 2015, katika kifungu cha 18, haikatai ushahidi wa kielektroniki kwa kuwa tu ni wa kielektroniki. Lakini katika kuupima uzito wake mahakama hutazama jinsi ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa na ulivyopelekwa, jinsi ulivyolindwa usibadilishwe, na jinsi alivyotambuliwa mtu uliyetoka kwake. Basi kama hakimu mwenye elimu na vyombo hujizuia hivyo, sisi tunaohukumu barazani tunapata wapi haraka yetu?

Maswali matano

Msomaji akiletewa picha yenye kumgusa mtu mwingine, na ajiulize maswali haya kabla ya kusema neno.

1. Nani ameileta, na yeye ameipata kwa nani? Mtu akisema, "Nimeipata katika kundi," basi hajajibu. Fuata mnyororo hadi kwa aliyeipiga. Kama mnyororo umekatika, picha hiyo ni yatima asiye na ukoo.

2. Iko wapi picha ya asili? Iliyopita katika simu nyingi hupoteza habari za siku na saa iliyopigwa, na huenda imekatwa kando. Mara nyingi kilichokatwa ndicho kingalieleza jambo.

3. Je, yakubaliana na nafsi yake? Tazama vivuli kama vyote vyaelekea upande mmoja, maandishi kama yasomeka, mwanga wa uso kama walingana na mwanga wa mahali.

4. Je, yakubaliana na mengine yajulikanayo? Siku hiyo mtu huyo alikuwa wapi, na nani walikuwa naye? Hapa ndipo mashahidi wanadamu hawana badala.

5. Yaonyesha nini hasa? Hata kama ile picha ya Mtama ingalikuwa ya kweli, ingalionyesha watu wawili wameketi barazani mchana, na si zaidi. Yaliyozidi yalitoka katika vichwa vyetu. Qurani Tukufu imetaka mashahidi wanne kwa tuhuma ya zinaa, na imewalaumu walioyapokea masingizio juu ya Bibi Aisha (r.a.) kwa ndimi zao badala ya kusema kwamba huo ni uzushi dhahiri. Picha moja haihesabiwi kuwa mashahidi wanne, wala hata mmoja, mpaka apatikane mtu wa kusimama nyuma yake.

Juu ya yote, mwenye kutuhumiwa aulizwe. Wazee wetu wamesema, "Asiyekuwapo na lake halipo." Huo ni ukweli wa jinsi watu wafanyavyo, lakini si uadilifu. Wamesema pia, "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Katika mambo ya heshima za watu methali hii ni hakimu mbaya, maana lisemwalo mara nyingi halipo, wala haliji, ila madhara yake ndiyo yajayo.

Hatima ya jambo la Mtama

Tulikwenda Nyangao sisi watatu: kijana, mama yake na mimi. Kijana aliomba radhi mbele ya wakwe zake, nami nikaomba yangu, kwa kuwa nilimdhania vibaya mtu aliye mbali. Mke alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema maneno machache, na sijayasahau: "Simu iliulizwa kila kitu. Mimi sikuulizwa."

Hakurudi siku ile. Alirudi baada ya korosho kuuzwa, kwa ajili ya watoto wake, na mama mkwe ndiye aliyemfuata. Aliyeitunga picha hatukumpata. Kila tuliyemwuliza alimtaja mwingine aliyempelekea, mpaka njia ikapotea. Tulipeleka maelezo ya kweli katika kundi lile lile la simu. Wale waliokuwa wepesi kuisambaza picha hawakuwa wepesi kuyasambaza maelezo, na hata leo wapo Mtama watu walioiona ile na hawakuyasikia haya.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, jua kwamba dhambi haiishii kwa mtungaji. Mtume Mtukufu (s.a.w.) alimhesabu katika waongo mtu asimuliaye kila alisikialo bila kuchunguza, na kusukuma picha kwa kidole ni kusimulia pia. Tena katika Sura Bani Israil, aya ya 37, tumekatazwa kufuata tusilo na ujuzi nalo, na tumeonywa kwamba sikio na jicho na moyo vyote vitaulizwa. Jicho limetajwa hapo kwa jina lake. Siku hiyo hatutaweza kusema, "Niliona," kisha tukanyamaza. Tutaulizwa tulitendaje kwa tulichokiona.

Mwenyezi Mungu atujaalie macho yenye kuchunguza, na ndimi zenye kujizuia, na mioyo iwadhaniayo wenzetu vyema mpaka kweli idhihirike. Amin.